Maoni Kumi na Mbili Niliyoyaokota kwa Bibi

Kosa ni langu. Kaka yangu hana lawama, na bibi yangu naye simtii hatiani, ingawa mtaona anavyojitokeza kila mahali.

Sikusoma zaidi ya darasa la sita, na mbele ya watu ulimi wangu hufa ganzi. Kaka yeye alikuwa chuoni hapa Ibra, mji wetu wa Omani. Mwaka 2006 watu wa Montenegro, nchi ndogo ya Ulaya, walikuwa karibu kupiga kura kuamua kama wajitenge wawe na dola yao. Mwalimu akawaambia wanafunzi wakawaulize watu wa mji: lau kura ingekuwa yako, ungesema ndiyo au hapana? Atakayefanya vizuri atapelekwa mji mkuu, Maskati, mwezi mzima kujifunza kazi hiyo ya kukusanya maoni.

Kaka hawezi kuingia kwa wanawake, akanipa mimi karatasi kumi na mbili. "Nenda nyumba kwa nyumba," akasema. "Kila mmoja muulize peke yake."

Nilifika mlango wa kwanza, nikarudi.

Asubuhi ya pili majirani kumi na mmoja, wanawake watupu, walikuja kwa bibi kunywa kahawa, kama desturi yao. Nikaona Mungu kanirahisishia. Nikauliza mara moja, wote pamoja, kichwa nimekiinamisha.

Wote wakamtazama bibi, maana kwake hasemi mtu kabla yake.

"Uhuru?" akasema bibi. "Sisi wa Unguja tuliupata. Ulidumu mwezi, yakaja mapinduzi, tukawa tunafunga masanduku kuja huku. Hapana."

"Hapana," wakaitikia, tende mdomoni. Nani angembishia mwenye tende?

Nikaandika hapana kumi na mbili. Kaka akaniuliza, "Umemuuliza kila mtu kwake?"

"Wallahi," nikasema. Hapo ndipo ilipo dhambi yenyewe.

Mwalimu alizipitia karatasi, akamuuliza kaka mbele ya wenzake, "Hawa wote wamezaliwa na mama mmoja?" Darasa zima likacheka. Maskati akaenda mwengine.

Kaka hakunigombeza. Alinirudisha kwenye milango ile niliyoikimbia, yeye akanisubiri garini. Bi Thuwaiba, jirani yetu mjane, alininong'oneza, "Mimi ningesema ndiyo, mwanangu. Lakini nimbishie bibi yako nyumbani kwake, na kahawa yake ninayo mkononi?" Wengine watano wakanambia hivyo hivyo.

Mwisho nilirudi nyumbani, nikamuuliza bibi.

"Mimi? Ndiyo. Waache wajitawale. Hapana ile niliisema kwa ajili ya Thuwaiba. Wino wa uhuru wetu haujakauka, mapinduzi yakamuulia mumewe. Ningesema ndiyo mbele yake?"

Kaka alizisoma karatasi mpya, akacheka mpaka akashika ukuta. "Hizi ndizo zingenifikisha Maskati," akasema, akaniachia mkononi.

Nyinyi wenye haya kama mimi, aibu ya kubisha hodi ni ya dakika moja tu. Mtu mfuateni kwake, muulizeni peke yake, na kahawa msiinywe mpaka ameshajibu. Mimi niliikimbia dakika hiyo, na mpaka leo kaka akitaka kujua watu wanasemaje, humtuma mtoto wa jirani.