Ndege Mbili Kwenye Mgongo wa Nyasi

Wiki zangu za kwanza kazini nilimjua mwenzangu kwa sauti tu. Mimi nilisimama mwisho wa mashariki wa kiwanja, penye banda la mabati na mahali pa kuegesha ndege. Yeye alisimama mwisho wa magharibi, ambako ndege hugeukia. Katikati ardhi iliinuka kama mgongo wa ng'ombe aliyelala, na aliyekuwa upande mmoja hakuweza kumwona wa upande wa pili.

Kilikuwa kiwanja kidogo cha nyasi upande wa Petta, kisicho na lami wala mnara wa kuongozea ndege. Ndege ndogo zilishuka pale mara mojamoja, zikileta madaktari na kuchukua wagonjwa. Kazi yetu sisi wawili ilikuwa kuwafukuza mbuzi njiani, kuwaonyesha marubani pa kupita, na kuambiana kwa redio za mkononi yaliyokuwa yakitokea kila upande.

Nilitoka Busia, upande wa Kenya. Kila siku nilivuka mpaka kukiwa bado giza, nikapanda pikipiki, nikafika kiwanjani usingizi haujanitoka machoni. Mwamba wa Tororo ulionekana kwa mbali ukielea juu ya ukungu, hauna miguu. Kisha sauti yake ilitoka kwenye redio mkononi mwangu.

"Nyabo, umefika?" Hivyo ndivyo wanavyomwita mwanamke kwa heshima upande wao.

"Nimefika, ndugu. Huko kukoje?"

"Huku ukungu iko mingi. Mimi naona miguu yangu peke yake."

Nilicheka, na nadhani alinisikia, kwa sababu kila asubuhi alitafuta jambo jingine la kunichekesha. Alikuwa anatoka Petta kwa njia ya mashambani, akija moja kwa moja upande wake, na jioni akirudi kwa njia hiyohiyo. Machoni pangu alikuwa kitambaa chekundu kinachopepea mbali, siku za ukungu mwepesi, akipanda mgongoni kufukuza mbuzi.

Asubuhi ninayoisimulia, ukungu ulikuwa umepanda, ukabaki vipande vipande kama maziwa yaliyomwagika. Ndege moja ilikuwa imeegeshwa kwangu. Ndani yake alikaa mama mzee kutoka Masaba, mgonjwa wa moyo, aliyekuwa akipelekwa hospitali kubwa. Hakuwa amewahi kupanda ndege. Nilimfunga mkanda, akanishika kidole gumba, hakutaka kukiachia.

Ndege ya pili ikaja na madaktari wa macho. Ilipita juu ya kichwa changu, ikagusa nyasi, ikapanda mgongo na kuzama upande wa pili. Kwa kuwa njia ilikuwa ni ileile moja, ilibidi igeuke kule kwa mwenzangu na kurudi polepole hadi kwangu. Rubani wa ndege iliyoegeshwa kwangu alipaswa kusubiri.

Hapo redio ikatoa mlio mkali, kama mfuniko wa sufuria unaoburutwa kwenye saruji. Marubani wote wawili walikuwa wamezungumza kwa wakati mmoja. Baadaye tuliambiwa kwamba mmoja alisema anarudi, mwingine alisema anaondoka, na maneno yao yakauana hewani. Kila mmoja akachukulia kwamba amesikika. Rubani wangu akaachia breki.

"Simama!" nilisema kwenye redio. Mlio uleule ukanijibu.

Ndege ile ilikuwa ya aina inayokaa mkia chini na pua juu. Ikitembea ardhini, rubani huona mbingu mbele yake, na hulazimika kuyumba kushoto na kulia ili achungulie njia. Nilikimbia pembeni, mbali na bawa, nikitafuta kufika mahali ambapo angeniona dirishani. Umande ulinilowesha hadi magotini. Nakumbuka sikuwa nasikia injini tena. Nilisikia pumzi yangu tu, na nyasi zikipita taratibu mno, kana kwamba kiwanja kizima kilikuwa kimelala nami nakimbia ndani ya usingizi wake.

Juu ya mgongo kilitokea kitambaa chekundu. Kisha mkono, kisha mtu mrefu anayekimbia bila viatu. Nyuma yake, polepole kama jua linalochomoza, likapanda bawa jeupe.

Niliinua mikono, nikaikutanisha juu ya kichwa kama msalaba. Rubani wangu akayumba upande wangu na kuniona. Macho yalimtoka. Pua ya ndege ikainama, magurudumu yakachimba nyasi. Yule wa pili naye alifunga breki kwa ajili ya kile kitambaa. Rafadha zao, zile feni za puani, zilibaki zikizunguka, zikitazamana, na kati yao angeweza kupita ng'ombe mmoja, pengine wawili. Kisha injini zote mbili zikazimwa.

Ndege wa porini walianza kulia mmoja mmoja. Mlango ukafunguliwa, na mama wa Masaba akatoa kichwa.

"Tumefika?" akauliza.

"Bado, mama," rubani akamjibu.

Marubani walishuka, wakashikana mikono, na hawakuiachia haraka. Mwenzangu alikuwa ameinama, akihema, mikono magotini. Alikuwa kijana kuliko sauti yake.

"Nyabo," alisema, "kumbe wewe iko mfupi hivi?"

Nilianza kucheka, halafu nikalia, naye akanipa kile kitambaa nijifute.

Mama aliondoka baadaye asubuhi hiyohiyo, akarudi baada ya wiki kadhaa akitembea mwenyewe. Tangu siku ile hakuna ndege iliyoruhusiwa kusogea nyingine ikiwa njiani, na rubani asiyejibiwa hujua kwamba hajasikika. Mtu wa tatu aliwekwa juu ya mgongo. Mwenzangu naye alianza kuja banda la mabati mchana, akibeba viazi vitamu kutoka kwao. Tulioana kanisani Dabani mvua zilipokwisha. Mpaka leo, tukiwa nyumbani, kila mmoja humngoja mwenzake amalize kusema kabla ya kuanza.