Chetezo cha Alhamisi

Nilikuwa bado mtoto, miaka michache baada ya Uhuru, tulipopanga chumba kimoja mjini Nyeri, na majirani wakaamini kwamba mama yangu anafuga majini. Ushahidi wao ulikuwa moshi. Kila Alhamisi jioni mama alitia makaa kwenye chetezo, akanyunyiza ubani, akawasomea dua marehemu wake, hasa mama yake aliyezikwa Nanyuki. Ndivyo walivyofanya kwao, watu wa biashara ya ng'ombe, Waislamu tangu babu zao. Baba alikuwa Mgikuyu aliyesilimu ili amwoe, na kwa sababu hiyo mama yake mzazi, ambaye kwa Kigikuyu nilimwita Cucu, yaani nyanya, Mkatoliki wa Ruring'u pembeni mwa mji, hakuwahi kula chakula chetu. Kila alipotutembelea alikuja na viazi vyake ndani ya kiondo.

Alhamisi moja Njeri, rafiki yangu na binti wa mwenye nyumba, alitoka kucheza kwetu, na kabla hajafika mlangoni kwao akaanguka, akatetemeka mwili mzima. Kesho yake alikuwa mzima, lakini mama yake alikuwa amekwisha kumpata mkosaji. Akaja akasimama nje ya kizingiti.

"Mama Halima, hiyo moshi ndiyo inaita majini. Ati unafikiri hatujui? Alhamisi ingine nikisikia hiyo harufu, mtatoa vitu vyenu."

"Mtoto alikuwa na homa tangu asubuhi, Mama Njeri. Ulimpeleka hospitali?"

"Homa ya kutoka wapi?"

Baba alimsihi mama aache, angalau hadi tupate chumba kingine. Hakikupatikana; wenye nyumba wakisikia majina yetu, walikumbuka ghafla kwamba chumba kimeshachukuliwa. Mama alikataa. "Nikimzimia mama yangu makaa kwa kuogopa watu," alisema, "nitamwashia lini tena?" Basi baba akamwita Cucu, akidhani yeye atamwambia mkwewe yale ambayo mwenyewe aliogopa kuyasema.

Cucu alifika Alhamisi alasiri, rozari shingoni. Mama alitia makaa kama kawaida, akanyunyiza ubani. Cucu aliinama akanusa. Kisha akakibeba chetezo kwa kitambaa, akakiweka nje, mbele ya mlango, mahali ambapo kila mtu angekiona, akavuta kigoda akaketi kando yake.

Mama Njeri akaja, na wanawake waliokuwa wakiteka maji mferejini nyuma yake.

"Cucu, na wewe pia wamekuroga?"

"Kuja unuse. Hii ndiyo padri anatupulizia kanisani. Pasaka ulikuwa kiti ya mbele. Mbona hukutoroka?"

"Ile imebarikiwa."

"Na nani? Si Mungu? Huyo hafikangi kwa ploti yako?"

Mwanamke mmoja alicheka, akaziba mdomo kwa leso. Cucu hakucheka. "Huyu ni bibi ya kijana yangu. Ukitoa vitu vyake, anza na mimi. Niko na mifupa mizito."

Hatukuhamishwa. Wala hatukupendwa; Njeri alikatazwa kuingia kwetu, tukawa tunazungumza kupitia ufa wa ukuta wa mbao. Na Cucu, kabla ya kuondoka, alifungua kiondo akala viazi vyake baridi, huku pilau ya mama ikipoa mbele yake.

Kwa miaka mingi viazi vile viliniudhi kuliko maneno ya Mama Njeri. Siku hizi naviheshimu. Cucu hakuikubali dini yetu, wala hakujifanya ameikubali. Alichokataa ni kwamba moshi uwe sala kwa mmoja na uchawi kwa mwingine. Sijamwomba mtu yeyote wa mji huu zaidi ya hapo, na pungufu ya hapo sipokei.

Naishi Ruring'u sasa, katika nyumba aliyoiacha Cucu. Alhamisi jioni, nikisikia dirisha la jirani likifungwa kwa kishindo, nakibeba chetezo kwa kitambaa, nakitoa nje, navuta kigoda chake, naketi.