Mwandishi wa Kwanza wa Makala ya Konokono

Kamati ya vyeo ilinirudishia faili langu likiwa na swali moja tu: ni makala zipi nilizoandika nikiwa mwandishi wa kwanza? Nilikuwa nimebakiza mwaka mmoja kustaafu, na baada ya kikao cha kamati cha mwaka ule hapakuwa na kingine cha kunifanya mtafiti mwandamizi. Nikafungua orodha yangu yote, dagaa, magugu maji, konokono wa kichocho, nikapitisha kidole mstari kwa mstari. Mwandishi wa kwanza kila mahali alikuwa bosi wangu wa zamani.

Sikuibiwa. Hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Jina lake nililitanguliza kwa mkono wangu mwenyewe, maana ndivyo tulivyolelewa: mkubwa ananawa kwanza, anapakuliwa kwanza. Ningeanzaje kutanguliza langu? Yeye hakuniomba, ila hakukataa. Watafiti wa nje tuliofanya nao kazi waliwahi kunishangaa, nikawaona hawana adabu. Adabu! Nikikumbuka natamani kujizaba kibao.

Ile ya konokono ndiyo iliyotembea. Madaktari wameinukuu, watu wa samaki wameinukuu, hata wataalamu wa hesabu wa nchi zisizo na ziwa wala kichocho. Wote wanaandika jina la bosi, kisha "na wenzake". Kati ya hao wenzake, aliyeingia majini ni mimi peke yangu. Konokono niliwaokota mimi, na buti zangu za mpira, kwenye matete ya karibu na Nansio, kisiwani Ukerewe, kiangazi na masika. Bosi alikuwa anaogopa mawimbi. Kwa kazi ile hakuvuka kwenda Ukerewe hata siku moja.

Kamati ilisema barua yake ingetosha, aeleze tu nani alifanya nini. Nikaandika rasimu ili asisumbuke, nikaenda Buhongwa, alikojenga baada ya kustaafu. Mke wake alinipokea mlangoni, akaninong'oneza kwamba siku hizi mzee anasahausahau, lakini mambo ya kazi anayakumbuka vizuri. Nikapata moyo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Karibu ukae."

Nilipotaja konokono, uso wake ulichangamka. Akaagiza jarida litolewe kabatini, akalifungua palepale penye makala bila kutafuta, akaanza kunifundisha. Alinieleza maji yalivyokuwa yakiingia kwenye buti. Alinieleza jinsi mama mmoja wa Nansio alivyomfokea kwa kumkanyagia mihogo aliyoianika, kisha akamhurumia na kumpa uji. Mihogo ile niliikanyaga mimi. Uji niliunywa mimi, nikaja kumsimulia ofisini, tukacheka wote wawili.

Ningejua kama anadanganya. Nimefanya naye kazi muda mrefu mno. Mzee wa watu hakuwa anadanganya, alikuwa anakumbuka.

Barua ilikuwa kwenye mfuko wa shati. Nikajikaza.

"Mzee, wale konokono, unakumbuka nani aliwaokota?"

"Si mimi? Kwani nani angeniokotea?"

Akacheka kwa raha. Mke wake naye akacheka, akasema ni siku nyingi hajamwona ameamka vizuri hivi. Nilikata tamaa palepale kwenye kochi. Ningeweza kumpa kalamu akasaini, naamini angesaini chochote siku ile, lakini angekuwa anasaini kitu ambacho kichwani mwake ni uongo. Na ningemweleza nini akiuliza kilichoandikwa? Kwamba maisha anayoyakumbuka ni yangu?

Mzee akanikagua kuanzia viatu hadi kichwani.

"Wewe nakujua," akasema. "Wewe si ndiye uliyekuwa ukiniendeshea mashua?"

Mke wake aliinamisha macho, akawa anakung'uta vumbi ambalo halikuwepo mezani.

"Ndiyo, mzee," nikamjibu. "Ndiye mimi."