Kitabu cha Vipande Vitatu

Tulikuwa wasomaji watatu na kitabu kimoja, kwa hiyo tulikipasua. Nalisema hili mapema ili nisije nikapata nafasi ya kujitetea huko mbele.

Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi kule Mkolani, msichana wa miaka ishirini na minne, mwepesi wa hasira na mvivu wa kusubiri. Msomaji wa pili alikuwa mshonaji mwenye cherehani yake barazani Mabatini, mwanamke aliyenizidi miaka kumi hivi, nami nilimwita dada. Wa tatu alikuwa fundi wa mitambo katika kiwanda cha nguo Nyakato, mtu mkimya mwenye mke na watoto watatu. Huyo tulimwita kaka. Kilichotukutanisha ni mitumba. Miaka ile milango ya biashara ilikuwa imefunguliwa, marobota yakimiminika mjini, na ndani yake, katikati ya makoti mazito ambayo mtu wa Mwanza asingeyavaa, mara nyingine kulikuwa na vitabu. Wachuuzi waliviona kama karatasi za kufungia karanga. Dada aliviwahi kabla ya wauza karanga.

Vya mapenzi aliwaachia wengine. Sisi tulitaka vile alivyoviita "vya mambo yasiyokuwapo": sayari zenye miezi miwili, miji inayoelea angani, mazimwi yanayojua kusoma. Watu walitucheka. Mwalimu mwenzangu mmoja aliniambia kwamba mtu mzima anayesoma habari za mazimwi hana budi kuombewa. Mimi mchana kutwa nilikuwa na darasa lenye watoto wengi kuliko madawati, na ikifika jioni nilitaka kwenda mbali sana bila kulipa nauli. Sioni dhambi yake mpaka leo.

Kilichotushinda ni kusubiriana. Mmoja akisoma, wawili wanakaa na njaa. Basi dada akaanzisha mtindo wake. Alichukua wembe wa kufumulia mishono, akakata mgongo wa kitabu, akapata vipande vitatu, na kila kipande akakivalisha karatasi ya mfuko wa saruji. Kisha tulipiga kura. Aliyepata kipande cha kwanza alisoma kwa raha. Aliyepata cha mwisho alijua nani amekufa kabla hajajua kwamba alizaliwa. Sheria ilikuwa moja tu, nayo tuliiapia: hakuna kufungua mdomo. Mwenye mwisho anakaa na mwisho wake mpaka wote tuufikie. Jumamosi tulikutana kwenye mawe juu ya mwalo wa wavuvi, harufu ya dagaa ikitupanda, tukabadilishana vipande huku tukichunguzana nyuso kama wacheza karata.

Kitabu ninachotaka kukieleza hakikutoka kwenye robota. Nilikiona juu ya meza katika duka la vitambaa mjini, siku niliyokwenda kununua kitambaa cha sare. Mwenye duka alikuwa mzee wa Kihindi aliyezaliwa Mwanza, na baba yake kabla yake, na asubuhi aliwasalimia wateja wa vijijini kwa Kisukuma bila kujikwaa. Jalada lilikuwa na picha ya msichana ndani ya chombo cha anga, ameweka kiganja kwenye kioo. Nikasahau sare.

"Shikamoo mzee. Hiki kitabu mnakiuza?"

"Marahaba, mwalimu. Hakiuzwi. Ni cha binti yangu." Aliniangalia kidogo. "Kiingereza cha namna hii unakisoma?"

"Nakisoma, mzee."

"Basi chukua. Kisome mpaka mwisho, halafu uje unisimulie mwisho wake."

Nilidhani ni maneno ya dukani tu. Nilidhani binti yuko masomoni ng'ambo, kama mabinti wengine wa maduka yale, na kitabu amekiacha kwa kukichoka. Sikuuliza. Jumamosi iliyofuata nikakipeleka Mabatini, na dada akatoa wembe.

"Cha kuazima hiki?" akauliza, wembe ukiwa juu ya mgongo wa kitabu.

"Tutakishona," nikamjibu.

Kura zikaangukia hivi: mimi kipande cha kwanza, dada cha katikati, kaka cha mwisho.

Kilikuwa kitabu kizuri kuliko vyote tulivyowahi kukata. Baba na binti yake wanaishi kwenye kituo kidogo, katika dunia ambayo maji yamekauka. Binti anapanda chombo kwenda kutafuta dunia nyingine. Baba anabaki na redio. Kila siku wanaongea, ila kadiri chombo kinavyokwenda, sauti inachelewa: mwanzoni saa moja, kisha siku nzima, kisha wiki. Nilisoma polepole, nikikwepa kumaliza. Jumamosi moja nilimwambia kaka kwamba kitabu hiki kinanipa raha, naye akageuza uso akaangalia ziwa. Niliona. Nikajifanya sikuona, maana sheria ni sheria.

Wiki zikapita, nami bado sijakiachia kipande changu, kwa hiyo na wenzangu walibaki na vyao. Jumatatu moja nilipita mjini, nikakuta rafu za duka lile ziko wazi, yamebaki majora machache tu. Mzee alikuwa amekaa nyuma ya meza.

"Naondoka Alhamisi," alisema. "Kijana wangu ananichukua niende kukaa naye huko ng'ambo. Mwalimu, umemaliza?"

"Bado kidogo, mzee. Na binti yako yuko huko huko?"

Nilikuwa natafuta tu neno la kujazia. Akanieleza taratibu, bila kuinua sauti. Binti alikuwa akifanya kazi naye pale dukani. Kila mchana walipofunga kwa ajili ya chakula, alimsomea baba yake kitabu kile, akikigeuza kwa Kigujarati, kwa kuwa Kiingereza cha mzee kilikuwa cha ankara tu. Kidogo kidogo kila mchana. Kisha binti akashikwa na homa. Siku ya nne akafa.

"Tulikuwa tumefika pale sauti inapokatika," mzee akasema. "Kijana wangu hataki habari za dada yake, anasema ninajiumiza. Na mimi nataka kumalizia hapa hapa tulipoanzia. Kilete Jumatano, saa ya chakula. Sitaki kuondoka nimekatishwa."

Nilitoka dukani. Kitabu cha marehemu, nami nimekikata kama mkate! Nilijichukia njia nzima mpaka Mkolani, nikamchukia na dada kwa wembe wake, kisha nikajichukia tena kwa kumsingizia.

Jumanne niliomba ruhusa shuleni, nikaenda Nyakato kukitafuta kipande cha mwisho. Kwenye geti la kiwanda mlinzi akaniambia fundi huyo si mfanyakazi tena. Kiwanda kinauzwa, barua zilitoka Ijumaa. Ndiyo maana Jumamosi hakuja kwenye mawe. Nilikimbia hadi kwenye nyumba za wafanyakazi. Nilikuta lori limeshapakiwa, kamba zimeshafungwa, kuku wamo kwenye tenga, na kaka yuko juu anakaza fundo la mwisho. Walikuwa wanarudi kwao.

"Kaka, kile kipande!" nikapiga kelele.

Mkewe akanitazama kuanzia kandambili mpaka kitambaa cha kichwani. "Huyu naye anakudai nini?"

"Kitabu," kaka akasema.

"Kitabu! Leo hii!"

Dereva akapiga honi. Kaka akafungua kamba zote alizokwisha kufunga, akashusha godoro, akashusha meza, akafungua sanduku, na chini ya nguo za watoto akatoa kipande, karatasi yake ya saruji haina hata mkunjo. Nikamweleza haraka habari ya mzee na binti yake. Akasikiliza hadi mwisho, kisha akafanya jambo ambalo hakuna kati yetu aliyewahi kulifanya.

"Hakurudi," akasema. "Msichana. Hakurudi, na sauti yake haisikiki tena."

Wiki zote zile alikuwa amekaa na neno hilo.

"Sasa nimwambie nini mzee wa watu?"

"Mwambie hivyo hivyo. Wakubwa wa kiwanda walituambia sisi kila mwezi kwamba hakuna atakayepunguzwa, kaeni na amani. Nikamnunulia mtoto sare mpya." Akatazama lori. "Usimfanyie mzee hivyo."

Nilisoma kurasa za mwisho nikiwa nimesimama pale pale barabarani, macho yakiruka mistari, yakitafuta jambo moja tu. Kaka alikuwa amesema kweli. Msichana hakurudi.

Jumatano asubuhi nilikuwa barazani Mabatini. Dada alivua karatasi za saruji, akapanga vipande, akatoboa mgongo kwa msumari, akashona kwa mkono, uzi wa bluu uliokunjwa mara nne kwa sababu mweusi ulikuwa umemwishia. Mshono ulikuwa imara kuliko wa kiwandani, ila uliingia ndani sana, ukala ukingo wa maandishi.

"Mwambie amerudi," alisema bila kuinua kichwa, nikiwa nimeshamsimulia yote.

"Kaka amesema..."

"Kaka amefukuzwa kazi, ana uchungu. Mzee kesho anapanda ndege, hatarudi hapa tena. Mpe kitu cha kwenda nacho. Kwani neno moja litakugharimu nini? Wewe mwalimu, huwaambii watoto wamefanya vizuri hata kama hawajafanya?"

Huwa nawaambia. Hilo ndilo lililonichoma. Nilitembea kutoka Mabatini hadi mjini kwa mguu ili nipate muda wa kuamua, na nilipofika mlangoni nilikuwa sijaamua lolote.

Mzee alikuwa ameshaweka viti viwili. Alifunga mlango, saa saba kamili, kama alivyokuwa akifunga siku zile. Nikampa kitabu. Hakukifungua. Alipitisha kidole gumba kwenye mgongo wake, juu, chini, akasimama kwenye uzi.

"Ulikipasua."

"Tulikipasua, mzee. Tuko watatu. Sikujua ni cha... Sikujua. Nisamehe."

Akausogeza mshono karibu na macho. "Uzi huu umetoka kwangu," akasema. "Bluu hii hapa mjini niliuza mimi peke yangu." Sikujua kama amekasirika. Ningeona heri anitukane. "Haya. Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Niambie."

Nilifungua mdomo, na neno likatoka lenyewe. "Alirudi, mzee. Binti alirudi."

Nje watu walikuwa wakipita, mtu mmoja akajaribu mlango akakuta umefungwa, akaenda zake. Nilitamani kuwa huyo mtu.

"Mwalimu," akasema, "mimi nimeuza vitambaa maisha yangu yote. Mtu akiniambia rangi haichuji kabla sijamuuliza, najua inachuja."

Uso ukaniwaka moto. Nikainamisha kichwa nikalia, si kwa unyenyekevu, kwa hasira tu ya kukamatwa. "Hakurudi," nikasema. "Hakurudi, mzee. Nilitaka kukuonea huruma."

"Najua hakurudi. Sikukuuliza habari zake. Wasiorudi nawajua." Akakisukuma kitabu kuelekea kwangu. "Mimi nauliza habari za yule baba. Ile redio, aliizima?"

Nilikuwa nimesoma kurasa zile, nami sikumwona baba hata kidogo. Nilifungua mwisho wa kitabu, na pale nilipohitaji kusoma, mistari ilikuwa imeingia ndani ya mshono wa dada. Niliona nusu ya maneno. Nikavuta karatasi, ikaanza kuchanika.

"Usivute," mzee akasema. Akafungua droo akanipa mkasi wake wa kukatia vitambaa. "Fumua."

Nikakata uzi wa bluu, fundo moja, la pili, la tatu. Ukurasa ukalala wazi juu ya meza. Nikaanza kuusoma kwa Kiswahili, nikijikwaa, nikirudi nyuma kutafuta neno, nikiogopa mstari unaofuata kila nilipomaliza mmoja. Baba anaamka. Anachemsha maji yake kidogo. Anapangusa vumbi kwenye redio. Nikasimama kuvuta pumzi.

"Endelea," mzee akasema. Alikuwa ameshika ukingo wa meza kwa mikono miwili.

"Anakaa mbele yake. Anamsalimia binti yake. Anamwambia upepo umetoka wapi leo, na amekula nini." Nikafuata kwa kidole mpaka chini kabisa. "Halafu anatoka kwenda kazini, na redio anaiacha inanguruma." Hapakuwa na maneno mengine. "Hakuizima, mzee. Hakuna mahali alipoizima."

"Kila siku anaongea naye?"

"Kila siku."

"Na hajibiwi."

"Hajibiwi."

Mzee aliachia meza. Alikaa akiangalia rafu zilizo wazi, midomo yake ikicheza bila sauti, kisha akajipangusa uso kwa kipande cha kitambaa.

"Mimi nilidhani niko peke yangu," akasema.

Akakifunga kitabu hivyo hivyo, mshono ukining'inia, akakiviringisha katika kitambaa kile. Saa nane ilikuwa imefika. Akainuka, akafungua mlango wa duka.