Namba Yangu Kwenye Nafasi ya Ndugu

Hospitali ilinipigia mara tatu kunitaka nikamwone ndugu yangu aliyelazwa. Mara zote sikuuliza hata jina; nilijua kuna kosa, na nilijua ni la nani.

Lilikuwa langu.

Mimi naandika programu, na ya hospitali ile niliiandika mimi. Humo taarifa za kila mgonjwa hukaa kama kamusi: unatafuta "ndugu", unapata namba ya simu. Sasa, mgonjwa asiyeandikisha ndugu alikuwa anaigomesha programu nzima. Wakati wa majaribio nikaipa jibu la akiba: usipokuta ndugu, toa namba hii.

Nikaweka yangu. Nikasahau kuitoa.

Kusema ukweli kungeniumbua kwa bosi. Nikanyamaza, nikapanga kurekebisha Jumatatu, kijanja.

Muuguzi alipopiga mara ya tatu alikuwa mpole sana.

"Kaka, mgonjwa wetu anafanyiwa upasuaji kesho na hana mtu. Njoo hata umsalimie tu."

Nikamkatisha kabla hajataja jina. "Dada, huyo mtu simfahamu. Msinisumbue tena."

Na namba yao nikaifungia.

Jumatatu nikafungua orodha ya wagonjwa wasio na ndugu. Walikuwa wawili tu.

Wa pili alikuwa kaka yangu.

Ni fundi cherehani, na ndiye aliyenisomesha. Tulikosana kwenye msiba wa mama, kisa nyumba, nikamwambia mbele za watu asiniite ndugu tena.

Sijui hata nilifikaje hospitali.

Upasuaji ulikuwa umepita salama. Nikaanza kujieleza kwa kaka: programu, majaribio, namba. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa maneno.

"Waliponiuliza ndugu nilisema sina," akasema. "Halafu muuguzi akapiga simu hapa hapa kitandani, kaweka spika. Nikasikia sauti yako. Nikafurahi, mdogo wangu."

Akageukia ukutani.

Nilitamani ardhi ipasuke.

Bosi nimemwambia yote, na programu nimeirekebisha. Pasipo na ndugu sasa panasomeka "haijajazwa". Wenzangu wa kazi hii, kitu kisipokuwepo, iacheni programu iseme hakipo. Msizibe pengo kwa uongo ili mambo yaende, maana upande wa pili kuna mtu anasikiliza.

Kwenye taarifa za kaka naweza kujaza namba yangu kwa sekunde mbili. Sijajaza. Nimemwomba ruhusa, na hii ni wiki ya tatu hajanijibu.