Nilimsingizia Chacha Uoga

Kosa ni langu, ndugu wasomaji, msinitafutie sababu. Jina langu sitalitaja, maana mama yangu husomewa gazeti hili na jirani.

Tulikuwa darasa la nne, mimi na rafiki yangu Chacha, hapa Nkende. Kila asubuhi mwalimu alitupa vitanzandimi ili tuache kuchanganya L na R, ugonjwa wetu sisi Wakurya. Kimoja kilitushinda: "Lori la Rorya lililolala Rorya halilali leo Rorya." Kilitushinda wote isipokuwa Chacha! Yeye alikimwaga mara tatu bila kuvuta pumzi.

Wivu ukanila. Siku moja nilimkuta mama yangu mzazi akichekeshwa na Chacha kwa kile kitanzandimi mpaka machozi, akampa maziwa ya mgando kwenye kibuyu changu. "Rudia tena, mwanangu," akamwambia. Mwanangu! Nilimchukia Chacha, sifichi.

Kisha mwalimu akatangaza kwamba Bwana Mkaguzi anakuja baada ya wiki mbili. Atakayesema vizuri mbele yake atapendekezwa kwenda shule ya kati. Darasa zima likamgeukia Chacha.

Ulikuwa msimu wa tohara, esaro kama tunavyoiita. Mimi na Chacha tulikuwa tumeahidiana kwenda pamoja mwaka unaofuata, tukishamaliza darasa hilo. Jioni ile nikaenda kwa baba yake.

"Shikamoo baba. Watoto kule kisimani wanamcheka Chacha. Wanasema anajificha shuleni kwa kuogopa kisu."

Uongo mtupu! Hakuna aliyesema hivyo.

Mzee akasimama, uji akauacha. "Mwoga nani? Mwanangu mimi? Kawaambie wiki hii hii wataona!"

Chacha alikwenda, akasimama imara, hakupepesa jicho. Bwana Mkaguzi alipofika, yeye alikuwa kwao anauguza kidonda. Nikaitwa mbele mimi.

"Roli ra Lolya..."

Jamani, kicheko! Nikaanza tena, nikaharibu zaidi. Bwana Mkaguzi akafunga daftari lake, na mwaka huu hakupendekezwa mtu.

Chacha alipopona hakurudi shuleni. Mwanamume aliyetahiriwa akae dawati moja na sisi wavulana? Kwetu haiwezekani. Akakabidhiwa ng'ombe wa baba yake. Nilimfuata malishoni nimwombe radhi, akaniitikia, "Hujambo, mtoto," akapita na ng'ombe wake. Tulizaliwa msimu mmoja, mimi na yeye!

Wiki iliyopita nilimsikia karibu na mto akiwaambia ng'ombe habari za lori la Rorya, mbio mbio, bila kukosea hata herufi. Nilijificha nyuma ya mikonge nikalia.

Wewe unayesoma haya, mwenzako akisifiwa mpigie makofi, hata kama roho inakuuma. Usije ukawa kama mimi. Juzi mama aliniuliza, "Mbona Chacha haji tena kutuchekesha?" Nilisema sijui.