Barua ya Cheo Ndani ya Halua

Wete nzima yanijua: skuli niliishia darasa la nne, leo nina maduka mawili mtaani Jadida, na sikubebwa na mtu. Juzi nikamwandikia mkubwa mmoja wa jeshi kwa mkono wangu: "Namwombea mkwe wangu Hamadi apande cheo, na asipelekwe vitani. Ni mimi, Faki." Barua nikaitia kwenye kikapu cha halua niliyotaka kumpelekea. Kikapu cha pili kilikuwa cha maulidi, nami kwa haraka nikavichanganya.

Msikitini, shehe alipoiona karatasi kikapuni akadhani naomba dua, maana watu huandika hivyo hivyo. Akaisoma kwa sauti. Msikiti mzima ukaitikia, "Amin!" Nami pia.

Hamadi akageuka kutoka safu ya mbele. "Baba, vitani nimeomba kwenda mwenyewe!"

"Faki," akacheka mzee nyuma yangu, "hukubebwa, lakini wabeba!"